Mkono Uliowekwa Mahali pa Mwenyewe: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mama Perpétue Lombe

Kwa jina la Mungu, Baba wa wale wanaoingia kazini asubuhi ya leo na wa wale ambao leo hawana tena mlango wa kuingia, yeye aliyefanya kazi siku sita na ya saba akapumzika, tunaanza maneno haya. Mheshimiwa Padri, Bwana Mkurugenzi, ndugu wafanyakazi wa karakana na wa ofisi, wake na waume zenu, wajane na yatima wa wenzetu waliotangulia: amani ya Bwana iwe nanyi, na iwe katika nyumba mlikotoka.

Leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Mama Perpétue Lombe anastaafu baada ya kulitumikia tawi letu la mabasi ya Tarvane, hapa Bel-Air, Lubumbashi, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi karibu mitano. Aliingia Jumanne tarehe 1 Februari 1994 akiwa mpiga chapa. Anatoka akiwa mwandishi wa taarifa ya mwaka, kazi ambayo hakuna aliyeifanya kabla yake katika mji huu, wala hakuna atakayeifanya baada yake, kwa sababu siku hii hii karakana yetu inafungwa. Ndiyo maana karatasi mliyoshika ina maua pembeni kama ya sikukuu, na nyuso zetu hazina. Msitushangae. Kuna shukrani ambayo haiwezi kutolewa ila kwa machozi, na Mungu anaipokea vile vile.

Mama Perpétue alizaliwa Kabalo, binti wa mtu wa reli, akaletwa Lubumbashi mgongoni mwa mama yake wakati baba alipohamishwa. Baba huyo, aliyekuwa mwandishi wa stesheni, alikuwa na desturi moja iliyomletea matata na wakubwa wake: treni ikifika siku mbili baada ya saa yake, aliandika kitabuni siku mbili, hata kama mkuu wa stesheni alimwomba aandike saa mbili. Binti yake alilelewa katika nyumba ya namna hiyo. Akasoma kwa masista, akaolewa na marehemu Vital, aliyekuwa mwuguzi, akazaa Graciella na Plamedie ambao tunao hapa leo. Mumewe alipofariki mwaka 2016 alipumzika siku tisa, siku ya kumi akarudi kwenye meza yake. Hatukumwuliza neno, naye hakutueleza neno. Tuliona tu kwamba kuanzia siku ile alivaa saa ya Vital, ambayo ilikuwa kubwa mno kwa mkono wake.

Kwa wageni ambao hawaijui kazi yetu, inafaa kueleza kidogo. Kiwanda cha Tarvane kiko ng'ambo, nacho huuza mabasi katika nchi thelathini na nane. Mabasi yaliyokuja kwetu yalifika yakiwa na bodi na injini, lakini bila viti, bila rangi ya mwenyewe, na chini mno kwa barabara zetu. Karakana ndiyo iliyoyainua, ikayafungia viti, ikayawekea chanja za mizigo juu ya paa, ikayapaka rangi, mpaka yakaweza kwenda Kambove wakati wa vumbi na Kilwa, ile ya huku Katanga, wakati wa matope. Watu thelathini na wanne walikula mkate wao katika kazi hiyo. Kila mwezi wa Januari, kila nchi hupeleka kwa kiwanda karatasi moja inayosema mwaka uliopita ilikabidhi mabasi mangapi. Mwezi wa Aprili kiwanda hurudisha kitabu kinene chenye ramani ya dunia, kinachoonyesha soko lipi limepanda na lipi limeshuka. Karatasi ya Lubumbashi iliandikwa na Mama Perpétue tangu 1994. Katika kile kitabu sisi tulikuwa mstari mmoja tu, karibu na mwisho.

Mstari mmoja, lakini kitabu chote kilisomwa. Hakuna tawi jingine la Tarvane duniani, nadhani, ambako kitabu kile kilisomwa kama tulivyokisoma sisi. Mama Perpétue alisimama kwenye chumba cha kulia wakati wa chakula cha mchana, siku tano mfululizo, akageuza Kifaransa kuwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa, nasi tukisikiliza huku vidole vikiwa kwenye bukari, ugali wetu. Kila mtu alikuwa na nchi yake. Mama Agnès, mpishi wetu, aliichagua Peru kwa sababu ya picha ya milima, na mwaka ule Peru iliposhuka kwa theluthi moja alitupikia mboga bila chumvi, akasema tuungane na wenzetu katika majonzi. Chisanga, mpaka rangi, alishika nchi moja ya baridi kule kaskazini. Aliposikia kwamba mabasi ya kule yana viti vyenye joto la umeme, aliinua mkono akauliza kwa heshima zote: “Mama, sasa bale bantu banaiva ao banasafiri?” Mkurugenzi mwenyewe alilazimika kutoka nje ili acheke. Hivyo watu ambao wengi wao hawakupata kuvuka mpaka walijua kwamba mwaka fulani zabuni kubwa ya Amerika ya Kusini imeanguka, na kwamba India imepanda kwa mara ya nne, nao walihuzunika au walifurahi kama jirani kwa jirani.

Sasa yafaa kusema juu ya desturi ya mkono, kwa kuwa bila kuielewa hakuna atakayeelewa siku ya leo.

Karatasi ya kiwanda inauliza: basi limekabidhiwa siku gani? Mahali pengine wanahesabu siku ya kutia sahihi. Hapa petu sahihi haikutosha kamwe. Mnunuzi alikuja na mchungaji au padri wake, na jamaa yake, na siku hiyo aliweka mkono wake mwenyewe wa kulia juu ya usukani wakati sala inasomwa. Kabla ya mkono, basi ni la Tarvane, na mnunuzi akibadili shauri anarudi nyumbani bila lawama. Baada ya mkono, basi ni lake, hata likiungua kabla ya kutoka kwenye lango. Hakuna mwanasheria aliyetutungia jambo hilo. Lilikuwa la wazee wa usafirishaji wa mji huu, Wakatoliki, Wamethodisti, Wapentekoste na ndugu zetu wa Kivu, na hakuna aliyepata kulivunja. Kwa hiyo Mama Perpétue, tangu mwaka wake wa kwanza, aliandika katika karatasi siku ya mkono. Kwa miaka ishirini na tisa hakuna hata basi moja alilolihesabu ambalo lilirudi. Wakaguzi wa kiwanda walikuja mara sita. Wa mwisho wao alitoka akisema kwamba hesabu ya Lubumbashi ndiyo pekee ambayo haimpi kazi.

Tunafika kwenye mwaka 2023.

Mwaka ule kiwanda kilikuwa katika shida kila upande. Ulaya ilingoja betri ambazo hazikuja. Zabuni ya mji mmoja mkubwa wa Amerika ya Kusini ilifutwa. Nchi za Ghuba zilinunua nusu ya kawaida. Mwezi wa Septemba barua ilikuja kwa matawi yote: karakana itakayokabidhi mabasi arobaini ndani ya mwaka itabaki, itakayopungua itafungwa. Barua ilikuwa ya adabu, na ilikuwa fupi. Mwisho wa Novemba tulikuwa na mabasi thelathini na moja.

Hapo ndipo Mungu alipomleta Bwana Emery Paluku, msafirishaji mzaliwa wa Butembo, mtu wa Kanisa la Baptisti, ambaye alitaka mabasi kumi na mawili kwa njia ya Kilwa. Manne yalikuwa tayari. Tarehe 2 Desemba alikuja na mchungaji wake, akaweka mkono juu ya kila usukani, akayachukua. Tukawa na thelathini na tano. Manane yaliyobaki yalingoja viti, na viti vilikuwa njiani. Ilitosha vifike na Bwana Paluku arudi. Lakini katikati ya Desemba dada yake alifariki Butembo, naye akaenda kumzika. Viti havikufika. Siku zilikwenda moja moja, na kila asubuhi mafundi walipita mbele ya dirisha la Mama Perpétue polepole kuliko ilivyohitajika.

Ni Bwana Adrien, mkurugenzi wetu, aliyetoa shauri, naye ameniruhusu niandike hivyo. Alisema mabasi manane yabarikiwe kabla ya mwaka kwisha. Mwenyewe atakaporudi ataweka mkono wake, na jambo lote litakuwa limetangulia kidogo tu. Haikufaa kumpigia simu mtu aliye katika kilio na kumwuliza habari za mabasi. Mama Perpétue aliomba siku moja ya kufikiri. Siku ya pili alikubali. Ni yeye mwenyewe aliyekwenda kumwita padri, wala hakumwambia kwamba mwenye mabasi hayuko.

Alhamisi tarehe 28 Desemba tulikusanyika uwanjani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Ndani ya mabasi hapakuwa na kiti hata kimoja, kwa hiyo jamaa za wafanyakazi walisimama ndani wakishika vyuma, wakaimba wakiwa wamesimama. Padri alipofika kwenye basi la kwanza akauliza ni nani atakayeweka mkono.  Kisha Mama Perpétue alipanda, akaweka mkono wake wa kulia juu ya usukani, saa ya marehemu ikateleza mpaka kwenye kiganja. Alifanya hivyo mara nane. Na sisi sote, mafundi na waandishi, wazee na vijana, tulisema Amina mara nane. Neno hilo halikutoka katika kinywa chake peke yake. Mwenye kusoma akumbuke.

Januari aliandika arobaini na tatu.

Bwana Paluku alirudi mwisho wa mwezi huo. Wakati yuko msibani mvua ilikuwa imebeba madaraja mawili ya njia ya Kilwa, na yale mabasi manne aliyokwisha kuyachukua yalikuwa yamelala. Alikuja ofisini akavua kofia, akaketi, akasalimia kwa kirefu, akauliza habari za watoto. Kisha akaeleza kwamba hataweza kuyachukua yale manane. Bwana Adrien akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba yalikwisha kubarikiwa. Mgeni wetu hakukasirika. Alimgeukia Mama Perpétue, si mkurugenzi.

“Mama, mukono wangu haukuwekwa,” akasema. “Hizo motokari zingali zenu.”

Alikuwa na haki, na kila mtu katika chumba kile alijua hivyo.

Aprili kitabu kikaja. Safari hii hatukuwa kule karibu na mwisho. Kiwanda, katika mwaka wake mbaya, kilikuwa kinatafuta mahali pa kufurahia, kikaiweka Lubumbashi katika ukurasa wa nne miongoni mwa masoko matatu yaliyopanda, pamoja na picha ya mabasi manane yamepangwa uwanjani. Mama Perpétue alisimama kama kawaida yake akasoma Asia, akasoma Ulaya, na alipofika kwenye jina la mji wetu alilisoma kwa sauti ile ile. Watu wakapiga makofi na meza. Mama Agnès akapiga vigelegele. Nje ya dirisha mabasi yenyewe yalikuwa palepale, na nyasi zilikwisha kuota kati ya magurudumu. Alikifunga kitabu akasema kichwa kinamwuma. Kurasa zilizobaki hazikusomwa mwaka ule.

Mimi huketi naye benchi moja kanisani. Kuanzia Februari hadi Mei sikumwona akienda kwenye Komunyo. Wakati wa kupanda altareni alibaki amepiga magoti, akiwapisha wengine.

Bwana Adrien, ambaye si mtu mbaya, na ambaye ana watoto wanne shuleni kama wengi wenu, alimbembeleza kwa siku nyingi. Hoja yake ilikuwa na akili. Mabasi manane yatauzwa polepole, na yatakapouzwa hayatahesabiwa tena, kwa kuwa yalikwisha kuhesabiwa. Hakuna atakayepoteza kitu. “Mama, ile namba itakuwa kweli mbele mwaka iishe,” alimwambia, yaani kabla mwaka haujaisha. Naye alimjibu kwamba itakuwa kweli ya mwaka mwingine. Hawakuzungumza tena juu ya jambo hilo.

Jumatatu tarehe 13 Mei 2024, baada ya sala ya asubuhi, alituomba tusitawanyike. Alisimama kati ya mapipa ya rangi, barua mkononi, tayari imetiwa muhuri. Alitueleza kwamba ameiandikia Tarvane kuwa hesabu ya Lubumbashi kwa mwaka 2023 ilikuwa thelathini na tano, si arobaini na tatu. Kwamba mkono uliowekwa juu ya mabasi manane ulikuwa wake, nao haukuwa na haki ya kuwekwa pale. Na kwamba mkurugenzi hakuiandika karatasi ile, ni yeye. Hakuomba ruhusa yetu. Aliomba msamaha, jambo ambalo ni zito zaidi, kwa sababu ruhusa mtu anaweza kuikataa, lakini msamaha Mkristo hana haki ya kuunyima.

Kila mtu alijua maana ya thelathini na tano. Chisanga ndiye aliyesema.

“Mama Perpétue, ile barua ukiituma, shiye bote tunarudia ku nyumba.”

“Minajua.”

“Na batoto?”

“Minajua, Chisanga.”

“Basi juu ya nini?”

 Tulidhani atataja amri ya nane, ile inayokataza uongo, kwa kuwa ni mama wa kanisa. Hakuitaja. Alisema kwamba wale wa ng'ambo hawajui Lubumbashi, hawajui Bel-Air, hawatujui sisi kwa sura wala kwa majina. Kitu kimoja tu cha kwetu walichokijua kwa miaka ishirini na tisa kilikuwa ile namba. “Ile namba njo shiye,” alisema, yaani ndiyo sisi wenyewe. “Niliiharibu. Siwezi kuwaachia ninyi jina yenye imeharibika, hata kama inaleta mukate.”

Chisanga aliokota brashi zake, akatoka. Tangu asubuhi ile hakumsalimu Mama Perpétue tena. Wapo wengine walioacha kumsalimu, na wapo walioacha kusali pamoja nasi. Sitawataja, wala siwahukumu. Mwenye njaa ana njia yake ya kumwuliza Mungu maswali.

Jibu lilikuja siku ya kumi na moja. Kiwanda kilimshukuru kwa uaminifu wake. Kilisema kitatoa sahihisho. Kilisema vile vile kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba karakana itapewa muda mpaka mwisho wa Juni 2025. Mauzo ya sehemu hii yataendeshwa kutoka nchi jirani. Mwisho wa barua palikuwa na maneno kwa ajili yake peke yake: anaombwa ahamie huko, awe mwandishi wa taarifa kwa nchi tano, kwa muda wa miaka miwili, kwa sababu hesabu zinahitaji mtu kama yeye. Mabinti zake walimsihi akubali. Aliandika kwamba anashukuru, na kwamba atatoka siku ile ile na watu wake.

Mwaka wa mwisho alifanya kazi kama mwaka wowote. Yale mabasi manane, viti vyake vilipofika, yaliuzwa, moja hapa, mawili pale, kila moja likapata mkono wa mwenyewe, na kila moja likahesabiwa katika mwaka wake. Bwana Paluku alichukua mawili madaraja yalipotengenezwa. Aprili iliyopita kitabu kilikuja kwa mara ya mwisho. Mtaniwia radhi nikisema ukweli wake: ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote ambayo Tarvane imepata kuona. Betri zilifika Ulaya. Amerika ya Kusini ilinunua zaidi ya hapo kabla. India ilipita kila mtu. Jumla ya dunia ilipanda kwa sehemu tisa katika mia. Mama Perpétue alituambia hayo yote mbele ya meza zilizokuwa nusu tupu, bila uchungu katika sauti, akitafsiri vizuri kama siku zote. Mstari wetu ulikuwa na mabasi kumi na tisa, na kando yake alama ndogo. Chini ya ukurasa, kwa herufi za kumfanya mzee avae miwani, iliandikwa kwamba hesabu ya Lubumbashi ya mwaka 2023 imesahihishwa. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini hakuna aliyetoka pia, mpaka alipomaliza ukurasa wa mwisho.

Mwezi huu wa Juni alikuwa na kazi moja iliyobaki, nayo alijipa mwenyewe. Aliandika vyeti vya kazi thelathini na vinne, kimoja kwa kila mtu wa karakana, ili kila mmoja awe na kitu cha kuonyesha aendako. Hakuiga karatasi moja mara thelathini na nne kama wanavyofanya kwingine. Alikaa na kila mtu, akauliza, akakumbuka, akaandika mtu huyu anaweza nini na hawezi nini. Watu kumi na mmoja wamekwisha kupata kazi katika gereji za migodi. Ishirini na watatu bado, na kati yao wako watu wenye umri ambao mji huu hauutafuti tena. Tunawaombea kila siku kwa majina yao.

Cheti cha mwisho kilikuwa cha Chisanga. Hakuja Jumatatu, hakuja Jumanne. Jumatano mchana, siku mbili zilizopita, alikuja, akasimama mlangoni bila salamu, akapokea karatasi, akaisoma palepale amesimama. Ilisema kwamba katika miaka ishirini na miwili hakuna mpaka rangi aliyemshinda katika Katanga yote. Kwamba rangi yake haibanduki hata kwa mawe ya njia ya Kilwa. Kwamba anafundisha kwa upole. Na kwamba huchelewa kazini siku za Jumatatu.

Aliisoma mara ya pili. Kisha akaweka kidole juu ya mstari wa mwisho.

“Hata hii, Mama?”

“Hata hii.”

“Na leo? Siku ya kuachana?”

“Chisanga,” akasema, “bakiona hii, ile ingine yote bataiamini.”

 Sisi tuliokuwa humo tulijifanya kufunga makasha. Halafu akaikunja karatasi mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati upande wa moyo, akafuta mkono wake wa kulia kwenye suruali, kwa maana ulikuwa na rangi, akaunyosha juu ya meza. Mama Perpétue aliinuka ili aupokee.

Mama Perpétue Lombe, sisi uliotusomea dunia kwa miaka thelathini na mmoja hatuna kitabu cha kukusomea wewe. Tumeumia, na wengine wataumia kwa muda mrefu. Hatutakudanganya siku ya leo kwamba sivyo, kwa kuwa usingetaka. Lakini tunatoka katika lango hili na jina ambalo mtu anaweza kulitamka mbele ya watoto wake. Asante kwa hilo, na asante kwa kukubali kutoka pamoja nasi. Tunakutakia siku zenye amani huko nyumbani, afya ya mwili, wajukuu wasiochelewa Jumatatu, na nafasi yako mezani pa Bwana, ambako tulikuona ukirudi Jumapili ile baada ya barua.

Nanyi mnaosoma, ndugu na wageni, Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu. Alinde kuingia kwenu na kutoka kwenu. Asiache chungu chenu kikae kitupu mbele ya watoto, na kazi ya mikono yenu aifanye imara. Amina.

Godefroid Ilunga, mtunza ghala wa karakana na katekista.